Watu Tisa Mezani

Jumamosi, ghala la Ndahani, Kibaigwa.
Msimu umekwisha, yamebaki magunia arobaini ya mahindi,
nayo ndiyo viti vyetu.
Shuka jeupe limepigiliwa ukutani;
upepo wa Julai unapenya chini ya mlango wa bati,
na kila ukipenya, yule tajiri wa kwenye filamu
anakunjamana uso kabla hata hajafa.

Anakufa dakika ya kumi na mbili.
"Tayari!" Lameki, utingo wa Fuso, anapiga kofi
kama aliyekuwa akimdai.

Wamebaki tisa, na theluji imefunga barabara:
mjane mwenye pete kila kidole,
daktari asiye na mgonjwa,
mapacha wasiosemezana,
wakili, mpishi, mchungaji mlevi,
mpwa aliyerudi jana baada ya miaka kumi,
na mkwe, anayemimina maji.

Wanasema kigeni. Maandishi yanakimbia chini
kama sisimizi waliochokozwa,
basi mimi, karani wa mahakama ya mwanzo,
nawatafsiria
kwa sauti ileile ninayoapishia mashahidi.

Kila mtu kamshika wake.
Ndahani anamtaka daktari: "Tazameni kidole gumba.
Kile kimezoea kukandamiza mizani."
(Naye Ndahani anajua vidole gumba.)
Lameki anamtaka mpwa:
"Mtu harudi hivihivi. Hurudi na hesabu."
Mwalimu Sekela kaandika majina nyuma ya daftari la mahudhurio,
anayakata moja moja kwa wino mwekundu,
ukichungulia anafunika kwa kiganja.
Bibi Malogo hatafuti muuaji. Anamhurumia mpishi:
"Sasa nani atakula mikono yake tena?"

Mimi najiuliza, raha gani hii, kudanganywa?
Kazini nadanganywa Jumatatu hadi Ijumaa,
lakini bila ufundi:
mtu ananiambia mbuzi wa jirani
walifungua zizi wenyewe, wakamfuata.
Huu wa leo ni uongo uliopigwa randa, ukapigwa msasa;
unapitisha mkono, hupati kijiti.
Halafu hapa hakuna kuahirisha.
Hakimu hajasafiri, faili halijapotea,
shahidi hajaenda kuzika Manyoni.
Mpelelezi, mwanamke mfupi mwenye mafua,
anapenga kamasi, anasema: kaeni.
Na wanakaa! Wote tisa! Na mlango unafungwa.

Hapo ghala likanyamaza, hata panya.
Mpelelezi akainua kidole, akafungua mdomo,
maandishi yakatokea,
na kwa pumzi moja,
katika Kibaigwa nzima,
nilijua mimi peke yangu.

Sitaki kusema uongo: niliishikilia ile pumzi.
Niliisikia shingo ya Lameki ikinigeukia.
"Karani! Kasema nani?"
Nikameza mate.
"Karani, tutakupiga!"
"Mkwe," nikasema. "Anayemimina maji."

Ghala likalipuka.
"Haiwezekani! Rudisha!"
Tukarudisha mara tatu.
Na kweli, jamani, tangu mwanzo yuko pale pembeni,
jagi mkononi, anajaza glasi za watu tisa,
yake kaifunika kwa kitambaa.
Tumemwona saa nzima, hatukumwona.
Mwalimu Sekela akalitazama daftari:
alimkata wa kwanza.

"Mimi nilimjua," akasema Mama Chiwanga
nyuma yetu, birika mkononi.
Usiku kucha alikuwa akipita kati ya magunia,
chai ya tangawizi, shilingi mia tatu,
na hakuna aliyekumbuka kumuuliza anamshika nani.
"Anayemimina anasikia yote.
Nyinyi mnatazama wanaopiga kelele."

Taa zikawashwa. Tukajikung'uta vumbi la pumba,
tukaanza kutafuta kandambili zetu.
Mama Chiwanga akahesabu vikombe kwenye sinia,
akahesabu tena, polepole,
akaenda akauegemea mlango wa bati.

"Kimoja hakipo," akasema. "Kaeni."